Mto Usio na Mita

Benchi letu ni ubao mmoja mpana uliolazwa juu ya mtaro, pale barabara ya juu inapokutana na ya chini, mgongoni kuna ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi. Mimi ndiye muuza kahawa wa hapo. Wananiita Birika, na mashapo yakibaki huyamwaga papo hapo chini ya ubao, maana sina jalala. Wateja wangu wa kudumu ni watatu, na asipotokea mmoja wao kufikia saa tatu asubuhi huwa naanza kuuliza nani kafiwa. Kuna Mita, mstaafu aliyesoma mita za maji za watu kwa miaka ishirini na sita. Kuna Antena, fundi simu, hodari sana wa kufungua, kufunga ndiyo kasheshe. Na kuna Spoku, fundi baiskeli, ambaye hawezi kusema sentensi tatu bila kukunyooshea spoku ya gurudumu usoni. Watu hawa wanajua kila kitu, na siku hiyo walikuwa wanajua kompyuta.

Chanzo kilikuwa karatasi iliyobandikwa ukutani, juu ya vichwa vyao. Ofisi ya maji ilisema itaweka bomba la zege la kupitishia kijito chini ya barabara, pale kivukoni, anapokaa Mama Sare. Bomba lenyewe upana wake futi mbili. Mwenye pingamizi alipeleke ofisini kabla ya saa sita mchana wa siku hiyo hiyo. Mama Sare ni mjane wa kaka yake Spoku, anashona sare za shule katika chumba kimoja kando ya kijito, na misimu miwili ya mvua iliyopita maji yaliingia ndani kwake mpaka kwenye kanyagio la cherehani. Bomba likiwa jembamba, barabara itageuka ukuta, maji yatarudi nyuma, na nyuma ni kwake.

Spoku: Futi mbili! Wamepimaje? Mimi nimekaa hapa kila siku, sijaona mtu ameingiza hata kijiti kwenye kile kijito.

Antena: Hawakupima, bwana. Wamekisia kwa kompyuta. Soma hapo chini, maandishi madogo: "Kijito hakina kituo cha kupimia, kiasi cha maji kimekadiriwa kwa mfumo wa taarifa za kijiografia."

Mita: Ndiyo maana nasema nchi imekwisha. Maji yasiyo na mita si maji. Kwetu sisi, kitaalamu, yale hayapo.

Spoku: Hayapo, na shemeji yangu alianika vitambaa wiki nzima?

Mita: Alianika kitu ambacho hakipo kwenye kumbukumbu. Hilo ni tatizo lake.

Nikawamiminia. Nikamkumbusha Mita kwamba yeye mwenyewe miaka ile mvua ikinyesha alikuwa hafiki kwenye mita za watu, akiandika akiwa ameketi kibarazani kwa mtu.

Mita: Ah, Birika, yale yalikuwa makadirio ya kitaalamu! Mimi nilikuwa natazama geti. Geti kubwa, maji mengi. Natazama kamba ya nguo: nepi ngapi, mashuka mangapi. Natazama kama kuna bustani. Halafu nakumbuka nyumba kama hiyo mtaa wa pili, ambayo mita yake niliisoma kweli, ilitumia kiasi gani. Naandika. Sikuwa nakosea.

Antena: Si ndicho alichosema yule dada?

Hapo ikabidi nicheke, maana ndicho hasa alichosema. Yule dada ni mhandisi wa ofisi ya maji. Alikuja wiki iliyotangulia na kishikwambi chake na buti zenye tope, jambo ambalo kwa mtu wa ofisi lilinishangaza. Tulimkaribisha akakaa katikati ya benchi, akatuonyesha ramani. Akasema kompyuta inajua kila mwinuko na kila bonde. Ukigusa sehemu moja ya kijito, inakupakia rangi eneo lote ambalo mvua yake hatimaye hupita pale. Inatazama ukubwa wa eneo, mteremko, aina ya udongo, mabati ni mengi kiasi gani na mvua hunyesha kiasi gani. Kisha inalinganisha na vijito vingine vinavyofanana na hicho, vyenye vipimo vya miaka mingi, na kutoa jibu. Alieleza vizuri, hata mimi nilielewa, ila wenzangu walikuwa wanasubiri anyamaze ili wamweleze yeye.

Antena: Alituficha. Mimi mambo ya mitambo nayajua. Kuna setilaiti inapima uzito. Dunia ikiwa na maji inakuwa nzito, inashuka kidogo. Wao kule juu wanaona imeshuka, wanaandika: leo lita kadhaa.

Spoku: Inashuka kwenda wapi?

Antena: Chini.

Spoku: Chini ya dunia kuna nini cha kushukia, wewe?

Antena: Kaulize waliosoma. Na si hivyo tu. Wanahesabu simu. Kila simu ina mtu, kila mtu anakunywa. Wanachukua mvua yote, wanatoa wanywaji, kinachobaki ndicho kijito.

Mita: Na mbuzi?

Antena akafikiri sana.

Antena: Mbuzi wamewekewa asilimia.

Spoku: Basi mimi nawaambia kilichotokea. Picha ya kijito chetu ilipigwa kiangazi. Kilikuwa kimekonda, kama mtu aliyetoka kuugua. Sasa wanakishonea nguo ya ugonjwa, na wakati wa mvua kinanenepa!

Mita: Wahenga walisema...

Antena: Waache wahenga wapumzike, mzee. Hawakuwa na kompyuta.

Mita: Walikuwa na adabu. Dawa ni moja: kila tone lipewe namba ya mteja.

Spoku: Namba! Tone litasainia wapi? Mimi nataka gurudumu. Unafunga gurudumu la baiskeli kwenye kijito, linazunguka, unahesabu spoku. Spoku thelathini na sita, mzunguko mmoja. Nipe nusu siku, nitawaambia kijito kina kasi gani, kinatoka wapi, na kama kimeoa.

Walicheka mpaka ubao ukayumba. Na mimi nilicheka, sitawaficha. Kisha Antena, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa vizuri kama simu anazotengeneza, akaharibu.

Antena: Lakini yule dada alituuliza kitu mwishoni. Alisema ramani yake ya miinuko ni ya miaka mitano nyuma. Eti kompyuta haijui kitu ambacho hakuna aliyeiambia. Akauliza kama kuna mtu amechimba mtaro au kuziba njia ya maji tangu wakati huo.

Mita: Tukamjibu nini?

Antena: Si wewe ndiye uliyejibu? Ulisema, "Sisi ndio wenyeji hapa, binti, kingekuwepo tungekijua."

Spoku akanywa kahawa ambayo ilikuwa imeshakwisha kikombeni.

Ngoja niseme ukweli. Miaka mitatu iliyopita mvua ikinyesha maji yote ya barabara ya juu yalikuwa yanapita hapa kijiweni kuelekea korongo kubwa upande wa pili, ambako hakuna nyumba. Hayakumdhuru mtu. Yalichokuwa yanafanya ni kulowesha viatu vya wanywa kahawa. Basi Jumapili moja, ofisi zikiwa zimefungwa na kibali hatuna, Mita alitupigia mstari kwa kamba, Spoku na Antena wakachimba, mimi nikasomba udongo na kugawa kahawa. Tukayageuza maji yakafuata barabara ya chini, inayoteremka mpaka kijitoni. Kisha tukalaza ubao juu, tukakaa, na viatu vyetu havijalowa tena. Huo ndio mtaro ambao yule dada aliukalia, kishikwambi kikiwa mapajani, akituuliza kama kuna mtaro.

Antena: Kwani tungemwambia angetufanya nini?

Mita: Faini. Kuchimba hifadhi ya barabara bila kibali ni faini, na mimi ni mstaafu wa idara ile ile. Nitaiweka wapi sura yangu?

Spoku: Na kijiwe wangekifukia. Tungekaa wapi?

Mita: Na hata hivyo maji ni maji. Yatajua pa kwenda.

Hapo ndipo alipotokea Mama Sare. Alikuwa na futi yake ya kupimia nguo shingoni, kalamu sikioni, kitambaa cheupe mkononi na fomu ya pingamizi. Alitembea haraka kama mtu aliyeacha kazi mezani.

Mama Sare: Hamjambo? Mzee Mita, shikamoo. Shemeji, habari za tangu juzi?

Spoku: Nzuri, shemeji. Karibu. Birika, mpe kahawa.

Mama Sare: Sina muda, na kahawa sinywi, unajua. Nina fomu hii, mwisho wake saa sita, sasa hivi ni saa tano na nusu. Nimejaza jina, nimejaza hasara. Imebaki sehemu moja, nikasema watu wanaojua kila kitu wapo pale juu, niende wanijazie.

Antena: Umefika. Uliza.

Mama Sare: Wanasema, "Eleza badiliko lolote katika njia ya maji." Mimi nimeishi pale miaka kumi na mbili. Miaka tisa ya kwanza kijito hakikuwahi kupanda hata kwenye ngazi. Hii mitatu, mwaka wa kwanza mvua zilikuwa chache, miwili iliyofuata maji yameingia ndani. Nini kimebadilika?

Antena: Hali ya hewa. Dunia imeshuka.

Mita: Ni kompyuta, mama. Wanakisia! Unaona watu wazima wanakisia?

Mama Sare: Mimi sina ugomvi na kukisia. Kila Januari nashona sare za watoto ambao sijawatia machoni. Mzazi ananiambia umri, darasa, baba yake mrefu au mfupi, nakata. Nyingi zinakaa sawa. Ila mzazi akinidanganya umri, mtoto anavaa suruali ya magotini, na wa kulaumiwa nakuwa mimi.

Spoku akachomoa spoku mfukoni akaanza kuinyoosha, na ilikuwa imenyooka.

Mama Sare: Yule mhandisi alipita na kwangu. Akapima alama ya maji ukutani, akasema haielewi. Kwa hesabu yake maji hayakutakiwa kufika hata mlangoni. Akaniambia, "Mama, ama ramani yangu imekosea, ama kuna mtu ameongeza maji. Niliuliza kule juu, wazee wakanihakikishia hakuna kitu." Ndiyo maana akaandika futi mbili. Ameniambia nikimletea sababu kabla ya saa sita, atalisimamisha bomba na kupima upya. Nisipoleta, wanafukia wiki ijayo.

Mita: Binti ana adabu.

Mama Sare: Anayo. Sasa kuna kitu kingine sikielewi. Tazameni.

Akakunjua kile kitambaa. Kilikuwa shati la shule, dogo, la darasa la kwanza, jeupe mahali pengine pote isipokuwa kwenye pindo. Kwenye pindo kulikuwa na michirizi ya kahawia, na chembechembe nyeusi zimekaukia kwenye mshono.

Mama Sare: Mashati arobaini yaliharibika hivi. Nimefua, nimechemsha, hayatoki. Nilidhani tope. Juzi nikanusa.

Akamnyooshea shemeji yake. Spoku hakulipokea, kwa hiyo akanipa mimi. Sikuhitaji kunusa. Miaka yote naichoma kahawa yangu mwenyewe, huwa naiunguza kidogo, na hakuna mwingine mtaani anayeiunguza vile. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nianze kushika birika. Watoto arobaini wa darasa la kwanza, na mimi nilikuwa nacheka habari za mbuzi na asilimia.

Antena: Labda mtu anamwaga huko juu, zaidi huko...

Mama Sare: Huko juu wapi, kaka? Huko juu kuna nani anayeuza kahawa?

Antena: Setilaiti...

Mita: Nyamaza, Antena.

Ilikuwa mara ya kwanza nasikia mtu akisema hivyo kijiweni na akatiiwa. Mama Sare akatoa kalamu sikioni, akaiweka fomu kwenye goti, akaipapasa ilale vizuri. Hakuwa na hasira. Ingekuwa heri angekuwa nazo, tungepata kitu cha kujibizana nacho.

Mama Sare: Basi niambieni kitu kimoja tu, niandike niende zangu. Hapo mlipokaa, chini yake kuna nini?

Mita alitazama karatasi ukutani kana kwamba imeandikwa upya. Antena alifungua simu ya mteja. Spoku alimtazama shemeji yake mara moja, akainamisha kichwa, na makalio yake yakazidi kuukandamiza ule ubao.

Mama Sare: Shemeji? Hebu inuka kidogo.

Hakuinuka.

Nikalishika birika ili mkono wangu upate kazi. Lilikuwa jepesi. Kahawa ilikuwa imekwisha, yamebaki mashapo, na mkono kwa mazoea yake ya miaka ukaenda wenyewe chini ya ubao, ukasimama hewani. Mama Sare aliutazama ule mkono. Kisha akatazama upande wa chini, barabara yote mpaka kwenye bati la chumba chake.

Mama Sare: Mwaga, Birika. Nione yanakwenda wapi.

Nikamwaga.