Ozella Fontenot Batiste na Mshono wa Sitaha

Ozella alizaliwa tarehe 9 Machi 1921 huko Opelousas, Louisiana, mtoto wa kwanza wa Mzee Ulysse na Mama Eulalie Fontenot. Alisoma shule ya parokia hadi darasa la nane, mama yake alipofariki, akabaki nyumbani kumlea mdogo wake Alcide. Kulea kulikuwa pamoja na kuchapa. Alcide ni shahidi.

Mwaka 1942 yeye na Alcide walihamia Richmond, California, ambako meli za mizigo za vita zilijengwa usiku na mchana. Kiwandani alipewa ufagio. Yeye alitaka moto. Alibishana na wasimamizi mpaka wakachoka, akawa fundi wa kuchomelea. Oktoba 1943 alichomelea mshono mmoja mrefu wa sitaha ya meli moja. Meli ilipokamilika, Alcide akaajiriwa humo kama mpishi. Ilikwisha kuvuma kwamba meli za aina ile hupasuka kwenye baridi kali, na hiyo ilikuwa inakwenda Alaska.

"Usipande," Ozella alimwambia gatini. "Tafuta meli nyingine."

"Mshono si wako?"

"Ndiyo maana nakwambia usipande."

"Kama ni wako, dada, hauthubutu kupasuka. Nakujua wewe."

Akapanda. Majira yote ya baridi Ozella hakupika gumbo, ule mchuzi mzito wa kwao Louisiana, na hakumwambia mtu kwa nini. Aliogopa kwamba amemuua mdogo wake kwa mikono yake.

Aprili 1944 mlango ukagongwa. Alcide alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa.

"Kila dhoruba nilikuwa naumulika mshono wako kwa tochi," alisema. "Sura mbaya, lakini umeshika."

Ozella alimzaba kibao, kisha akamkumbatia na kulia mpaka majirani wakaja. Gumbo ililiwa usiku huo huo.

Vita vilipokwisha, wanawake waliambiwa warudi nyumbani. Ozella alikwenda kupika shuleni hadi alipostaafu mwaka 1983. Tarehe 14 Juni 1947 aliolewa na Clovis Batiste, dereva wa basi, aliyemtangulia mwaka 1991.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2002. Wiki za mwisho alilala ameketi, akitafuta pumzi. Jumanne, 12 Oktoba 2004, alasiri, alifumbua macho akamtazama Alcide.

"Umerudi?"

"Nimerudi, dada. Zamani."

"Haya," alisema, akalala. Tulilia, na tulishukuru.

Ameacha watoto wawili, Verlene na Ulysse, wajukuu watano, na mdogo wake Alcide, anayesoma haya kwa sababu alirudi.

Zamu yake imekwisha. Apumzike kwa amani, mshono umeshika.