Moli Ngapi Kwenye Debe

Benchi la kijiwe hiki cha kahawa cha Nyakasimbi limeegemea ukuta wa mashine ya kusaga, na asubuhi hiyo Nikuze alikuwa akimimina kahawa huku daftari la kemia limelala wazi mapajani. Kesho yake alikuwa na mtihani wa kidato cha nne, mara ya pili, safari hii kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo cha uuguzi kinataka kemia, na kemia ndiyo iliyomwangusha. Hakumwambia mtu, lakini alishaamua haendi kwenye mtihani. Aibu ya mwaka jana ilikuwa inamtosha.

— Hiyo moli ni kitu gani hasa? — aliuliza Mizani, mzee aliyepata jina hilo kwa kupima kahawa ya chama cha msingi.

— Ni idadi, mzee. Andika sita, halafu tarakimu ishirini na tatu nyuma yake.

— Waitu! Si mkungu tu huo? Uwe mkubwa, uwe mdogo, mkungu ni mmoja.

— Hapana, mikungu haina ndizi sawa. Moli zote zina chembe sawa, ila uzito ndio unatofautiana. Mimi niliandika uzito ni sawa, nikala sifuri.

Josho, mfugaji aliyeogesha nusu ya ng'ombe wa Nyakakika, aliweka kikombe chini.

— Nani alizihesabu? Mimi ng'ombe wangu siwahesabu, ni mkosi. Jioni nasimama langoni, naangalia rangi, najua nani hajarudi.

— Hawakuhesabu, kaka. Walipima uzito.

— Umeona? Nao wanaogopa mkosi!

— Mkosi wapi! — Mizani alikataa. — Walitumwa watu wa sensa. Kwangu walikuja mara mbili, unadhani walikuwa wanatafuta watu? Chembe!

— Basi zinazaana zizini. Leo sita, kesho saba. Ndiyo maana dada anafeli.

Nikuze alicheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha cheko likamwishia ghafla.

Hapo akatokea Eugenia, mama mgeni kutoka Songambele, amekuja kusaga mahindi. Akamwamkia mzee, akaitikiwa marahaba, akatua debe lake.

— Nimewasikia tangu kule. Sasa debe moja la maji lina moli ngapi?

Mizani aliangalia birika. Josho aliangalia ng'ombe ambao hawakuwepo.

— Debe ni lita kumi na nane, — Nikuze alisema taratibu. — Gramu elfu kumi na nane. Moli ya maji ni gramu kumi na nane. Kwa hiyo... elfu moja. Elfu moja kamili!

Hakuwa ameangalia daftari. Furaha ilimjaa kifuani, hofu nayo haikutoka.

— Mtihani ni lini, mwanangu? — Eugenia aliuliza.

— Kesho saa mbili. Lakini kahawa atamimina nani?

— Hawa hawana mikono?

Mizani alinyakua birika, akamimina, nusu ikaishia kwenye suruali ya Josho.

— Nenda, Nikuze. Kahawa ya kesho itakuwa mbaya, tutainywa hivyohivyo.