Kiti cha Nyuma kwenye Mkutano wa Barafu

Mheshimiwa Mkurugenzi Munyaneza, mkuu wa kazi wa mume wangu. Mama mkwe wangu Mukandayisenga, uliyetoka shambani Gahanga asubuhi ukabadilisha viatu hapo mlangoni. Ndugu, marafiki na majirani zetu wa Kabeza: habari za mchana.

Ratiba inasema mke wa msafiri atamvisha skafu, basi. Skafu ni hii. Lakini nina wiki tatu tu za ndoa, na bado nikimwona Bruce anapiga mswaki moyo wangu unaruka, kwa hiyo mtanisamehe nikisema kidogo.

Mnajua anakokwenda. Ulaya kuna mkutano wa nchi zinazoongoza kwa pamoja bara la barafu, lile la Ncha ya Kusini, mahali pasipo na kijiji wala soko. Tunaambiwa bara hilo ni la wanadamu wote. Maneno matamu kweli. Nikamwuliza, "Mpenzi, sasa nani anaamua?" Akaniambia wanaoamua ni wale waliofanya utafiti mkubwa kule, wenye vituo na meli. Yaani shamba ni letu sote, ila anayesema ni mwenye trekta.

"Na wewe?"

"Mimi mwalikwa tu. Nitakaa nyuma."

Hata hao wa mbele hawaamui mpaka wakubaliane wote. Mmoja akitikisa kichwa, pengwini, wale ndege wanaotembea kama mabwana harusi, wanasubiri mwaka mwingine. Wajumbe wanakwenda kula samaki.

Mheshimiwa Mkurugenzi, tunakushukuru kwa malezi. Umempa Bruce koti, begi lenye nembo, na ushauri niliousikia mwenyewe pale kwenye meza ya vinywaji: "Kijana, usinyooshe mkono. Tukitulia, watatualika tena." Ni ushauri mzuri sana. Swali langu ni dogo: tumetulia miaka mingapi, na kiti chetu kimesogea mbele kiasi gani?

Niwakumbushe siku ya gusaba, familia ya Bruce ilipokuja kuniomba. Nilikaa chumbani kama desturi inavyotaka, na nje chini ya hema wasemaji wa familia mbili wakanijadili: tabia yangu, mwendo wangu, hata mapishi yangu ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuyaonja. Bwana harusi naye anatakiwa anyamaze, msemaji wake yupo. Mara nikasikia sauti ya Bruce: "Samahani wazee. Kayitesi mwenyewe yuko hapo ndani. Kuna aliyemwuliza?"

Hema zima likacheka. Mjomba Hirwa, msemaji wake mwenyewe, akamwambia, "Kaa chini, bwana, unatuharibia kazi." Wengine waliona aibu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na kwa upande wangu niliolewa dakika ile.

Sasa, jamani, barafu nayo iko chumbani, na wasemaji wako hemani. Watafiti wanasema ikiyeyuka, bahari na hali ya hewa ya dunia nzima vitatikisika. Mama mkwe amepanda maharage mara mbili msimu huu kwa sababu mvua ilimdanganya. Leo aliniuliza, "Mwanangu, hao watu wa barafu wananijua?" Hawakujui, mama. Na mwanao akirudi na begi lake bila kusema neno, wataendelea kutokukujua.

Bruce, mume wangu, mwanamume mzuri kuliko wote walioko Kigali na nje ya Kigali, sikukupenda kwa sababu ya koti. Ukifika huko kwenye kiti cha nyuma, utaunyoosha mkono? Usijibu kwa mdomo, hujapewa nafasi ya kusema.

Haya, ameunyoosha. Mama, umeuona. Mheshimiwa Mkurugenzi, na wewe umeuona, hata kama unatazama soda yako.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Njoo nikuvishe skafu, mpenzi. Mkono usiushushe, nitaizungusha hivyo hivyo.