Meno Mawili ya Mpiga Tarumbeta

Wasikilizaji wapendwa, leo nina habari nzito. Don Cirilo Benegas amefariki. Mpiga tarumbeta wa bendi yetu hapa mjini Ybycuí, Cirilo Benegas, alifariki Jumanne kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka sabini na minne. Nitawasimulia miezi tisa tu ya maisha yake.

Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yanacheza. Ugonjwa wa fizi ulikuwa umekula mfupa unaoyashika. Tarumbeta hukandamizwa juu ya meno hayo hayo. Yakitoka, tarumbeta basi. Na mkewe, Ña Bernarda, alikuwa akisema, "Cirilo bila tarumbeta ni mume wa kunichungulia sufuria kutwa nzima."

Daktari Graciela Bentancor alikuwa amehamia kwetu kutoka nchi jirani, kule Montevideo. Alimweleza Don Cirilo mpango wake: atafungua ufizi, atasafisha mizizi, atapaka jeli ya kuuamsha mfupa ukue tena, kisha atashona. Jeli hiyo hutokana na meno machanga ya nguruwe.

"Basi nitaanza kukoroma kinguruwe," Don Cirilo akasema.

"Kwani sasa unakoromaje?" Bernarda akamjibu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Don Cirilo alipokuwa akiondoka, daktari alimkataza mara tatu: "Usinywe mate." Mate ya kunywa, wasikilizaji, yale ya majani, si ya kutema. Kwao Montevideo, mate ni majani yoyote yanayofyonzwa kwa mrija wa chuma. Kwetu mate ni ya moto, ya alfajiri. Ya baridi, yenye barafu, ni tereré. Neno lingine, kitu kingine.

Siku ya tatu, joto la Januari likiwaka, Don Cirilo alipita hapa redioni, shavu limevimba. Nilijaza tereré ile pembe ya ng'ombe tunayonywea, nikampa. Ndiyo, mimi. Nilimwambia, "Kunywa, mzee, barafu itakupoza." Alifyonza pembe nne.

Kesho yake alitema damu. Daktari alipomwangalia, nyuzi zilikuwa zimeachia na ufizi uko wazi.

"Don Cirilo, nilikukataza mate."

"Sijagusa mate, daktari. Naapa kwa Bikira wa Caacupé. Nimekunywa tereré tu."

"Kwa mrija?"

"Kwani tereré hunywewa kwa kijiko?"

Bernarda alinisimulia kwamba daktari alivua glavu, akakaa chini. "Kufyonza ndiko kunakong'oa kila kitu," akasema. "Nimeishi hapa miaka miwili, na sikuuliza."

Alisafisha upya, akapaka jeli tena, akashona tena. Safari hii hakuahidi chochote. Tarumbeta ikawekwa juu ya kabati. Pembe ilipozunguka barazani, Don Cirilo aliikataa, na watu wakaanza kusema ameingiwa na maringo. Nyumbani alishinda akiyagusa meno kwa ulimi.

"Acha," Bernarda alimwambia.

"Nayahesabu."

"Ni mawili, Cirilo."

Miezi tisa baada ya upasuaji walipiga eksirei. Daktari aliishika picha dirishani, akaigeuza huku na huku. "Nilitaka nimpokonye," Bernarda aliniambia. Hatimaye daktari akasema, "Mfupa umerudi. Si wote. Lakini unatosha."

Unatosha. Alipiga tarumbeta miaka kumi na miwili zaidi. Jumanne, Bernarda alipokuwa akimfunga taya, alimwita binti yao Zunilda. "Njoo uone," akamwambia. "Yote mawili, yake mwenyewe."

Ña Bernarda, Zunilda, poleni sana. Bernarda, miaka yote hii umekuwa ukiuliza ni mjinga gani aliyempa ile tereré. Cirilo hakukwambia, akanisitiri mpaka kufa kwake. Sasa umejua. Naomba unisamehe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini hili. Daktari akikukataza kitu, mwulize anamaanisha nini, hata kama neno lenyewe umelijua tangu utotoni. Don Cirilo aliniuliza siku ile, pembe ikiwa mkononi mwake: "Una hakika hii inaruhusiwa?" Nami, bila hata kufikiri, nilimwambia nina hakika.