Bi Nipo na Hodi ya Namba Kumi na Saba

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, karani wetu wa mahudhurio anastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Mimi ni mwalimu wa hisabati, siwezi kuacha tarakimu zipite hivihivi. Nimekaa nikapiga hesabu: katika muda huo ameita majina ya watoto mara milioni mbili na ushei. Jina lake mwenyewe halikuwahi kuitwa kwenye mahudhurio hata mara moja. Hilo tutalirudia.

Wote tunamjua kwa jina la Bi Nipo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtoto akijibu “ndiyo” wakati wa kuitwa, aliulizwa ndiyo nini. Akijibu “hapa,” aliulizwa hapa wapi. Jibu lililokubalika lilikuwa moja tu: nipo. Mwalimu mkuu humwita hivyo, wazazi humwita hivyo, na inasemekana hata shemeji yetu, mume wake, humwita hivyo nyumbani. Hajakanusha.

Aliajiriwa kama mpiga kengele. Kengele yenyewe ni ile ya shaba ya mkononi, yenye mpini wa mbao uliofungwa utepe mweusi, na inasikika hadi kwenye duka la fundi cherehani ng’ambo ya barabara. Baada ya miaka mitatu akakabidhiwa daftari la mahudhurio, kwa sababu karani aliyemtangulia alikuwa na tabia ya kuwawekea watoto wote alama ya vema, wakiwemo waliohama. Bi Nipo hakuwa na mchezo huo. Alisikiliza. Kwa neno moja tu alijua nani ana mafua, nani kanuniwa na wenzake na nani hajafanya kazi ya nyumbani.

Miaka mitano iliyopita jengo letu la ghorofa lilionekana lina nyufa, likafungwa. Nusu ya wanafunzi wakawa hawana pa kukaa. Ndipo tulipoanzisha madarasa ya mubashara, na hadi leo, jengo likiwa limeshatengenezwa, tumebaki nayo kwa ajili ya watoto wanaoishi mbali, wanaougua na wale ambao wazazi wao huhamahama kikazi.

Kwa wasioyajua, mubashara si video ya kutazama ukiwa umelala kochini. Mwalimu na watoto wanakutana saa ileile, kila mtu akiwa kwake. Asubuhi linki inatumwa, mtoto anaibonyeza, anajikuta kwenye chumba cha kusubiria, na haingii darasani mpaka afunguliwe kutoka ndani. Tena sheria yetu inataka watu wazima wawili katika kila kipindi, mmoja afundishe na mwingine alinde, ili mtoto asiachwe peke yake na mtu mzima mmoja na mgeni asijipenyeze. Mlango ulihitaji bawabu. Kikao kizima kikageuka kumtazama Bi Nipo, ambaye hadi siku hiyo alitumia kompyuta ya ofisi kuegemezea daftari lake.

Alikuja siku ya kwanza na kengele. Saa mbili kamili akaishika, akaitikisa mbele ya kompyuta kwa nguvu zote. Mimi niliyekaa pembeni yake niliziba masikio. Watoto majumbani hawakusikia kitu. Programu ilidhani kengele ni kelele, ikaichuja yote, wakabaki wanamtazama mama wa watu anatikisa shaba kimyakimya. Fundi wetu wa kompyuta alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwonyesha mahali pa kuzima hilo chujio. Bi Nipo akaandika hatua zote nyuma ya daftari, kwa kalamu nyekundu. Mnikumbushe hizo hatua, zina kazi mbele.

Baada ya miezi miwili alikuwa anatufundisha sisi. Watoto wa miaka minane aliwawekea vipindi vya dakika ishirini na tano, kisha wasimame na kujinyoosha, na majibu wayaandike kwenye karatasi na kuziinua mbele ya kamera, zote kwa pamoja, ili wasichunguliane. Vijana aliwapa dakika arobaini na kuwagawa watano watano kwenye vyumba vidogo vya mazungumzo, na yeye akawa anapita chumba hadi chumba. Akiingia, porojo zinageuka hesabu ghafla.

Ni yeye pia aliyeniokoa na aibu yangu kubwa. Nilipofundisha nikiwa nimesimama kwenye ubao, niliona katika skrini yangu maandishi yamegeuka, kushoto kulia na kulia kushoto. Sikujua kwamba skrini humwonyesha mwalimu sura yake kama kioo, ila wanafunzi huona sawasawa. Basi wikiendi nzima nikajifunza kuandika kinyumenyume. Jumatatu nikafundisha hesabu za sehemu kwa mwandiko huo, nikijipongeza moyoni. Watoto, kwa adabu, hawakusema. Bi Nipo ndiye aliyeona mmoja anatoka na kurudi na kioo cha poda cha mama yake, wa pili naye, na wa tatu anashikiwa na dada yake kioo cha ukutani. Alinishika mkono, akanizungusha nione skrini ya upande wa wanafunzi. Sijasahau, na hataki nisahau.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha utumishi wake.

Kijana mmoja wa kidato cha pili alijirekodi akiwa ametulia na kutikisa kichwa, akairusha hiyo video fupi darasani ikijirudiarudia na yeye akaenda kucheza mpira. Bi Nipo alimkamata kwa sababu saa ya ukutani nyuma yake ilibaki saa nne na dakika kumi kipindi kizima. Tulicheka sana, lakini bodi ya shule haikucheka. Ikapitisha kanuni: kila mwanafunzi ajibu kwa sauti yake, na asiyesikika kwa wiki tatu mfululizo afutwe kwenye daftari. Ujumbe wa kuandika haukuhesabiwa, kwa kuwa tulishaufunga, vijana walipogeuza ukurasa ule uwanja wa kuchambua tai zangu.

Katika kidato cha kwanza alikuwepo msichana, namba kumi na saba kwenye daftari. Aliingia kila siku, wa kwanza au wa pili. Kamera imezimwa, kipaza sauti kimezimwa. Akiitwa, kimya. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nakiri kwamba mimi nilishaamini kuwa kule upande wa pili hakuna mtu. Bi Nipo alikataa katakata. Alisema mtoto asiyependa shule haamki kuwa wa kwanza mlangoni.

Akapiga simu nyumbani kwao. Bibi wa msichana alipokea kwa kunong’ona, na Bi Nipo akajikuta naye ananong’ona. Wanaishi chumba kimoja, watatu: bibi, mjukuu na mama yake mdogo, ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku. Mchana ndipo anapolala. Bila usingizi ule wagonjwa wangepata taabu, na bila ile simu ya kusomea mtoto angekosa shule, kwa hiyo mjukuu alichagua kusoma bila kutoa sauti. Hakumwambia mtu. Alidhani akieleza ataondolewa mapema zaidi.

Siku nne zilikuwa zimebaki. Bi Nipo akamwomba msichana, kupitia kwa bibi, agonge ukucha taratibu nyuma ya simu, karibu na kipaza sauti, mahali ambapo mtu aliyelala hawezi kusikia ila simu inasikia. Kugonga mara moja ni nipo. Mara mbili ni sijaelewa. Wakajaribu, hola, hakuna kilichosikika. Fundi akasema ndiyo ilivyo, programu inaona kugonga ni kelele. Bi Nipo akageuza daftari, akamsomea bibi zile hatua za kalamu nyekundu moja baada ya nyingine, bibi akimnong’oneza mjukuu. Kisha kwenye spika ya ofisi tukasikia: ko. Fundi aliruka. Mimi nilipiga meza, na nikaombwa nitulie.

Bodi ikasema kugonga si sauti. Bi Nipo hakubishana. Alimkaribisha mwenyekiti wa bodi kukaa kwenye kipindi changu cha Alhamisi, siku ya mwisho ya zile wiki tatu. Nikaandika ubaoni mlinganyo: mara tatu ya namba fulani, ukiongeza tano, unapata ishirini na sita. Nikamuuliza namba kumi na saba. Akagonga mara saba. Nilichungulia jibu kwenye daftari langu, likasema nane, nikamwambia kwa upole ajaribu tena. Akagonga saba, safari hii polepole, kama anayemhesabia mtoto mdogo. Roho iliniuma kwa ajili yake. Nikaanza kueleza alipokosea, ndipo mwenyekiti, aliyekuwa akikokotoa nyuma ya bahasha, aliposema, “Mwalimu, ni saba. Wewe ndiye umenakili vibaya.” Kweli, daftari langu lilikuwa na ishirini na tisa. Mwenyekiti akaomba kalamu nyekundu na kuandika mwenyewe mbele ya namba kumi na saba: yupo.

Tangu siku hiyo hodi ni ya wote. Mwenye kigugumizi hugonga, aliyekaukiwa na sauti hugonga, mwenye kichanga mapajani hugonga. Karani mpya ameshafundishwa, na zile hatua zimebandikwa ukutani.

Jumanne ya wiki hii Bi Nipo aliita majina kwa mara ya mwisho. Alipofunga daftari, namba kumi na saba aliwasha kamera, jambo tusilolitegemea kabisa. Tuliona bibi upande mmoja, na upande wa pili mama mdogo akiwa bado na sare ya kazini, ameahirisha usingizi wake makusudi. Kisha tukaisikia sauti ya msichana kwa mara ya kwanza, nzito kuliko nilivyoiwazia. Alisema, “Bi Nipo.”

Alikuwa anaita jina. Watoto arobaini wakasubiri, nami nikasubiri. Mama yetu aliyewadai watu jibu moja kwa zaidi ya miaka thelathini alifungua mdomo na sauti ikagoma kutoka. Machozi yalishamshinda. Akakunja kidole, akagonga meza mara moja.

Bi Nipo, asante kwa kengele, kwa kalamu nyekundu na kwa kunigeuza nione upande wa pili. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiovunjwa na saa mbili kamili, na wajukuu wanaojibu vizuri. Ukitukumbuka, ingia kwenye chumba cha kusubiria ugonge mara moja. Tutafungua.