Vifuniko Vilivyokataa Kushika

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Garnett Fugate, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kaunti, majirani zetu, mabibi na mabwana:

KUKUKARIBISHA

Sisi watumiaji wa Jiko la Jamii la Kusindika Vyakula la Laurel Lick tunakupokea kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Barua yako ya Agosti ilisema kwamba tusipoeleza kwa nini vifuniko vya chupa zetu havishiki, mlango huu utafungwa Septemba ikiisha. Tumejitahidi kueleza kwa mpangilio. Utuwie radhi pale mpangilio utakapotuponyoka, maana jambo lenyewe lilituchanganya, na bado linatuchanganya.

Tunakuomba pia usiguse zile chupa kumi na mbili za pichi zilizo mezani mbele yako. Zimetoka kwenye maji yanayochemka sasa hivi. Tutazirudia.

TULIKOTOKA

Bonde zima huleta hapa nyanya, maharagwe mabichi na pichi, kila mtu na chupa zake, na hakuna anayeondoka kabla ya kumsaidia jirani. Mkongwe wetu ni Shangazi Orpha Stiltner, mwenye miaka themanini na mmoja. Tulitaka kulificha jina lake katika risala hii, akakataa.

"Nitajeni," alisema. "Mkinificha nitasimama nijitaje mwenyewe, na sauti yangu mnaijua."

MAFANIKIO

Mwaka jana tulisindika chupa zaidi ya elfu mbili. Zilizoharibika hazikufika kumi. Ya mwaka huu hayaingii chini ya kichwa hiki.

KILICHOTUTATIZA

Mwezi wa Juni goti lilimshinda Shangazi. Hakuweza tena kusimama kwenye masufuria. Kumrudisha nyumbani mtu wa umri wake ni jambo lisilofanywa kwetu, kwa hiyo tulimwekea kiti chenye mto kando ya meza ya kupozea chupa, apate soga na kahawa. Wiki hiyohiyo vifuniko vikaanza kugoma. Asubuhi ukikibonyeza kifuniko katikati, kinabonyea na kurudi juu. Maana yake hewa imeingia.

Tulilaumu vifuniko, tukanunua vingine. Tulilaumu maji. Bi. Verlene Rasnake, katibu wetu anayekusomea risala hii, alipima kwa rula nafasi tupu iliyoachwa chini ya kifuniko cha kila chupa, akaiona sawa. Bwana Buford Hale akaja na kalenda yake ya nyota.

"Niliwaambia! Mmesindika mwezi ukiwa kwenye nyota mbaya."

"Futa kwanza midomo ya chupa zako, Buford," Bi. Verlene akamjibu, "ndipo uulaumu mwezi."

Kisha, Jumatano mbili mfululizo, Shangazi alikwenda kwa daktari wa goti. Chupa zote za siku hizo zikashika. Buford akasema Jumatano ina nyota njema, na wengi wetu, tunakiri, tulianza kumwamini.

Shangazi ndiye aliyeuliza. "Yaani siku nisiyokuwepo ndiyo mambo yenu yanakwenda sawa?"

Akaitazama mikono yake.

"Mimi nazikaza pete za vifuniko," akasema polepole. "Chupa ikitoka kwenye moto, naikaza. Mama alinifundisha hivyo."

Mama yake alitumia vifuniko vya kale vya zinki na mpira, vilivyopaswa kukazwa vikiwa moto. Hivi vya sasa havitaki hivyo. Pete yake, ule mkanda wa bati unaokibana kifuniko mdomoni mwa chupa, hukazwa kwa ncha za vidole kabla ya chupa kuchemshwa, ili hewa ipate pa kutokea. Chupa ikishatoka motoni haiguswi mpaka ipoe kabisa. Ukiikaza ingali moto, unakibandua kifuniko kabla hakijashika.

Hayo yameandikwa kwenye kila boksi la vifuniko. Sote tuliyasoma. Na sote tulimwona Shangazi akikaza, tukapita tukimwambia, "Ahsante, Shangazi." Hapo ndipo tunapopotea, mgeni rasmi. Hatujui tuliacha kuona lini, wala kosa linaloshukuriwa kila siku huitwa kosa la nani.

MAOMBI

Tunaomba mlango usifungwe. Tunaomba mwalimu wa usindikaji kutoka kaunti, hata siku moja kila msimu, atusomee yale tuliyozoea kuyaruka.

Ombi la mwisho ndilo zito. Fomu yako ina nafasi ya kujaza chanzo cha kasoro. Shangazi anataka liandikwe jina lake, kisha asirudi tena jikoni. Tunakuomba uandike: watu wote wa Laurel Lick. Leo amekubali kuja kwa sharti moja, kwamba aikalie mikono yake, na ndivyo alivyokaa pale.

Sasa tuzirudie zile pichi. Kifuniko kikishika hulia mara moja, ting'. Hatuna hakika kama zote kumi na mbili zitalia; hakika yetu ilikwisha tangu Juni. Tunakuomba unyamaze pamoja nasi na usikilize. Zikishika, umwambie wewe Shangazi Orpha kwamba kesho tunafungua mapema kama kawaida, na kiti chake kiko palepale. Sisi tumemwambia; anadhani tunamhurumia tu.

Mungu akulinde njiani, aibariki mikono ya bonde hili, inayofanya kazi na inayotulia.

Ni sisi,
Watumiaji wa Jiko la Jamii,
Laurel Lick, Virginia.