Taa za Mkurugenzi

Feri iling'oa nanga Mbita, Lorine akielekea kisiwani kuanza kazi yake ya kwanza: fundi wa kompyuta hospitalini. Mbele yake, mwanamume alikuwa akimlalamikia mwanamke mwenye duka la kompyuta Migori.

"Mimi ndiye mkuu wa kompyuta pale hospitalini. Seva zetu zote zinachota data kutoka kabati moja la diski, na kila asubuhi zinasinzia. Majibu ya maabara hayafunguki, wagonjwa wanalala kwenye benchi. Niuzie diski za kasi."

"Bakapu, zile nakala za akiba, mnafanya saa ngapi, mzee?"

"Saa mbili asubuhi. Mkurugenzi akiingia anataka kuona taa za mashine zikimetameta, ajue tunafanya kazi."

Mwanamke alicheka mpaka mtandio ukamteleza. "Yawa! Bakapu na seva zote zinang'ang'ania waya mmoja wa kabati hilo, wagonjwa wakiwa kwenye foleni, ili bosi aone taa? Hata ukibeba diski zangu zote, zitasongamana kwenye waya huo huo. Bakapu ifanyeni usiku."

"Dada, mimi nimeulizia diski. Mahubiri sikuuliza."

"Basi diski sikuuzii. Utakuja kusema diski zangu mimi Fardowsa ni mbovu."

Mzee akasonya. "Leo naletewa fundi mpya, mtoto wa chuo. Akianza na maneno kama yako, atarudi na feri hii hii."

Feri ikagusa gati. Lorine akatundika begi begani, akamsogelea yule mzee.

"Habari ya asubuhi, mzee. Fundi mpya ni mimi. Taa za mkurugenzi tunaweza kuziwasha bila bakapu ya asubuhi."